Kansas City: Reli Fupi, Basi la Bure na Jiji Lililotawanyika

Tarehe 6 Mei 2016, jiji la Kansas City, katikati kabisa ya Marekani, lilizindua tramu yake ya umeme. Siku chache baadaye, tarehe 10 ya mwezi huohuo, mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Dar es Salaam. Mwendokasi ulianza na njia za kilomita 21 hivi, ikiwamo ile ya kutoka Kimara hadi Kivukoni, baada ya wakazi kuteseka kwa miaka na foleni ya Barabara ya Morogoro. Tramu ya Kansas City ilikuwa na kilomita 3.5 tu. Mtu mwenye magoti mazima angeitembea njia yote kwa miguu na kufika kabla ya saa moja kwisha. Iligharimu takriban dola milioni 102.

Kwa nini jiji litumie fedha zote hizo kwa reli fupi kiasi hicho? Anayetafuta jibu kwenye hesabu ya abiria peke yake hatalipata. Tramu ile ilijengwa kwa ajili ya ardhi kama ilivyojengwa kwa ajili ya watu, na hata wenyewe walioipigania hawakulificha jambo hilo. Walitaka majengo matupu ya katikati ya jiji yapate wapangaji, viwanja vya kuegeshea magari vigeuke kuwa nyumba, na maduka yafunguliwe tena. Kubeba abiria ilikuwa nusu ya kazi.

Jina la jiji lenyewe huwachanganya wageni. Kansas City kubwa, yenye maghorofa, makao ya muziki wa jazi na nyama choma mashuhuri, haiko katika jimbo la Kansas. Iko Missouri. Ng'ambo ya mpaka ipo Kansas City nyingine, ndogo zaidi, iliyo Kansas kweli. Mahali pengine mpaka wa majimbo hayo mawili ni mtaa wa kawaida tu: ukivuka barabara umeingia jimbo jingine, lenye gavana wake, bunge lake na kodi zake. Mpaka huo utajitokeza tena katika habari hii, maana basi likiufikia huanza kuulizwa nani analilipia.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 508,090 katika Kansas City ya Missouri. Ukijumlisha miji na vitongoji vinavyoizunguka pande zote mbili za mpaka, wanakuwa zaidi ya milioni 2. Kwa vipimo vya Marekani hilo ni jiji la wastani. Lakini eneo lake ni la jiji kubwa mno: takriban kilomita za mraba 826. Mkoa wa Dar es Salaam, wenye kilomita za mraba 1,393, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Maana yake ni kwamba katika kila kilomita ya mraba, Dar ina watu karibu mara sita ya wale wa Kansas City. Daladala hujaa kwa sababu watu wamesongamana kando ya barabara. Basi la Kansas City hupita mbele ya nyasi, maegesho, nyasi tena, kituo cha mafuta, kisha abiria mmoja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1885 jiji lilipata magari ya reli yaliyovutwa kwa nyaya nene za chuma zilizopita chini ya barabara, na mtandao wake ulikuwa miongoni mwa mikubwa nchini humo. Umeme ulipokuja, tramu zikatapakaa kila upande. Mitaa ilijengwa kufuata reli: nyumba zikabanana, duka kwenye kona, kanisa mtaa wa pili, shule mahali ambapo mtoto anafika kwa miguu. Kisha gari binafsi likaingia. Tramu ya mwisho ilifanya safari yake tarehe 23 Juni 1957, na baadhi ya magari yake yakauzwa kwenye miji mingine iliyokuwa bado inaziamini reli.

Kufa kwa tramu hakukuletwa na gari peke yake. Alikuwapo pia mfanyabiashara wa viwanja aliyeitwa J.C. Nichols. Katika miaka ya 1920 alijenga Country Club Plaza, eneo la maduka lenye minara ya mtindo wa Kihispania, mojawapo ya maeneo ya kwanza ya biashara nchini Marekani kupangwa kwa kumfikiria mteja anayekuja na gari lake. Kando ya Plaza akauza nyumba nzuri kwenye mitaa yenye miti. Hati za nyumba hizo zilikuwa na masharti yaliyokataza kuuziwa au kukaliwa na mtu mweusi. Masharti ya aina hiyo yaliigwa katika miji mingi. Ilipofika mwaka 2020 ndipo jiji likaliondoa jina la Nichols kwenye chemchemi na barabara maarufu iliyo karibu na Plaza.

Mpaka mwingine, usioonekana kwenye ramani za serikali, uliwekwa kwenye barabara ya Troost. Magharibi yake waliishi Wazungu, mashariki Waafrika wa Marekani. Mawakala wa nyumba, mabenki yaliyokataa kukopesha upande mmoja, na mipaka ya shule iliyochorwa kwa makusudi vyote vilishirikiana kuuimarisha. Mpaka leo mkazi wa Kansas City akisema “mashariki ya Troost,” msikilizaji anajua anazungumzia nini bila kuongezewa neno.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jiji likaanza kumeza mashamba yaliyolizunguka. Mwaka 1950 lilikuwa na watu wapatao 457,000 katika eneo la kama kilomita za mraba 210. Kufikia miaka ya 1960 eneo lilikuwa limeongezeka karibu mara nne. Watu hawakuongezeka hivyo. Idadi ya mwaka 1970 na ile ya 2020 zinakaribiana mno, zote ni laki tano na kitu. Wakazi karibu walewale wakalazimika kuhudumia barabara, mabomba ya maji, taa na mifereji ya eneo lililotanuka mara nne. Anayetaka kuelewa kwa nini basi la Kansas City halina fedha aianzie hesabu yake hapo.

Na barabara kuu zikaja. Kansas City mara nyingi hutajwa miongoni mwa miji ya Marekani yenye barabara kuu nyingi zaidi ukilinganisha na idadi ya watu wake. Kitovu cha jiji kimezungushiwa barabara kuu pande zote nne, nyingine zikiwa zimechimbiwa chini kama handaki lisilo na paa. Sasa jiji limeanza mradi wa kuifunika sehemu ya barabara ya I-670, upande wa kusini wa mzunguko huo, ili juu yake iwekwe bustani. Mradi huo unagharimu zaidi ya dola milioni 200, na lengo lake ni kuunganisha tena mitaa ambayo jiji lenyewe liliikata.

Barabara iliyoacha kidonda kikubwa zaidi ni ile inayoitwa Bruce R. Watkins Drive, inayoelekea kusini kupitia mitaa ya watu weusi mashariki ya Troost. Maelfu ya watu walihamishwa na nyumba zao kubomolewa. Wakazi walikwenda mahakamani, kesi ikavutwa kwa miaka, na ukanda uliobomolewa ukabaki wazi ukiota magugu. Mwaka 1985 pande zote zilikubaliana mbele ya mahakama kwamba sehemu ya barabara hiyo isiwe ya kasi kamili, bali iwe na makutano yenye taa. Ilikamilika mwaka 2001. Taa hizo zipo hadi leo, na kwa kuwa dereva anazifikia akiwa ametoka kwenye barabara ya kasi bila kituo, ajali hapo zimekuwa malalamiko ya kila siku. Jina la barabara ni la mwanasiasa mweusi aliyeheshimika sana jijini, aliyewahi kugombea umeya. Kumpa heshima hiyo kwa barabara iliyovunja mitaa ya wapiga kura wake ni uamuzi ambao mtu anaweza kuutafakari kwa muda mrefu.

Wazo la kurudisha reli halikufa. Kwa miaka mingi lilibebwa na mtu mmoja, Clay Chastain, mwanaharakati aliyekusanya saini tena na tena ili wananchi wapige kura kuhusu treni nyepesi. Wakamkataa mara kadhaa. Novemba 2006 wakamkubali, kwa mshangao wa karibu kila mtu, wakati mwenyewe akiwa tayari amehamia jimbo la Virginia. Mpango wake ulikuwa na treni, na pia vibanda vya kuning'inia kwenye waya angani juu ya bustani. Baraza la jiji likasema hesabu haziingii, na mwaka uliofuata likaufuta. Likaandaa mpango wake lenyewe, likaupeleka kwa wapiga kura mwaka 2008, nao wakaukataa.

Somo ambalo viongozi walilipata lilikuwa la kisiasa zaidi kuliko la kihandisi. Ukiuliza jiji zima la kilomita za mraba 826 kama linataka kulipia reli itakayopita katika mtaa mmoja, jibu litakuwa hapana, na mwenye kukaa kilomita 25 kutoka kwenye reli hiyo hana kosa kusema hivyo. Basi usiulize jiji zima.

Sheria za Missouri zinaruhusu kuundwa kwa wilaya maalumu ya usafiri: eneo linalochorwa kwenye ramani, lenye mamlaka ya kujitoza kodi kwa ajili ya mradi mmoja. Mwaka 2012 ilichorwa wilaya kama hiyo katikati ya jiji, ikifuata njia iliyokusudiwa ya tramu. Waliopiga kura ni wakazi waliojiandikisha ndani ya mipaka hiyo tu, kwa karatasi zilizotumwa kwa posta. Wakati ule katikati ya jiji hakukuwa na wakazi wengi, kwa hiyo kura zilizoamua mradi wa dola milioni 100 zilikuwa mia chache. Wenye majengo ambao hawakuishi humo walilipishwa bila kupiga kura. Wapinzani walikimbilia mahakamani wakashindwa.

Fedha zinapatikana kwa njia mbili. Kila anayenunua kitu ndani ya wilaya hulipa nyongeza ya kodi ya mauzo, hadi senti moja kwa kila dola. Na kila mwenye jengo au kiwanja hutozwa ada ya mwaka kulingana na thamani ya mali yake. Serikali kuu ya Marekani iliongeza ruzuku ya dola milioni 20. Ndiyo maana tramu haina nauli. Mtalii aliyekuja kwenye tamasha, au familia kutoka vitongoji vya Kansas iliyokula chakula cha jioni jijini, imekwisha kulipia siti kwenye risiti ya mgahawa, ipande isipande.

Huu ni ubunifu mkubwa, na mwandishi yeyote wa habari za miji atavutiwa nao. Lakini una matokeo yake. Reli inafuata mahali ambapo ardhi inaweza kujilipia. Mtaa wenye hoteli, kumbi za burudani na majengo ya ofisi unaweza kujitoza kodi ukapata tramu. Mtaa wenye duka moja la vyakula na nyumba zilizopigwa mbao madirishani hauwezi, hata kama nusu ya wakazi wake hawana gari.

Tramu ilipoanza, wataalamu walikuwa wametabiri abiria 2,700 kwa siku. Waliokuja walikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo, na mwaka wa kwanza ukafungwa kwa zaidi ya safari milioni 2. Ilitoka River Market, eneo la soko la zamani karibu na Mto Missouri, ikapita kwenye ofisi na kumbi za burudani, hadi Union Station, stesheni kubwa iliyofunguliwa mwaka 1914. Magari yake yalitengenezwa na kampuni ya CAF ya Hispania kwenye kiwanda chake cha Elmira, New York. Yanatembea barabarani pamoja na magari mengine, kwa hiyo mtu mmoja aliyeegesha gari lake vibaya, tairi ikatokeza sentimita chache kwenye njia ya reli, anaweza kusimamisha usafiri wa tramu hadi gari livutwe. Daladala ingepanda juu ya ukingo ikapita. Tramu haina namna.

Majengo yalijengwa kweli. Ofisi za zamani ziligeuzwa kuwa nyumba za kupanga, hoteli zikafunguliwa, viwanja vitupu vikapata maghorofa. Watetezi wa tramu hutaja mabilioni ya dola ya uwekezaji. Takwimu hizo ni vyema zipokewe kwa tahadhari. Kufufuka kwa katikati ya jiji kulianza kabla ya reli: uwanja wa ndani wa burudani ulifunguliwa mwaka 2007, eneo la migahawa la Power & Light likafuata, na ukumbi wa muziki wa Kauffman, uliochorwa na msanifu Moshe Safdie, ukafunguliwa mwaka 2011. Power & Light ilijengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na jiji, na mapato yake yamekuwa hayatoshi, hivyo kila mwaka jiji hujazia mamilioni ya dola. Aidha majengo mengi mapya yalipewa misamaha ya kodi. Ni vigumu kusema ni jengo gani liliitwa na reli na lipi liliitwa na msamaha.

Hata hivyo hoja moja ya wawekezaji ina nguvu. Njia ya basi inaweza kufutwa kwa barua moja ya ofisini, reli iliyozikwa kwenye zege haifutwi hivyo. Anayekopa kujenga ghorofa la kudumu miaka 50 anataka kujua kituo kitakuwapo mwaka wa 30.

Agosti 2014, kabla tramu ya kwanza haijaanza hata kutembea, jiji lilijaribu kupanua wilaya ile. Mpango ulikuwa reli iende kusini kupitia Main Street, mashariki kupitia Linwood Boulevard, na kaskazini-mashariki kupitia Independence Avenue. Safari hii wapiga kura walikuwa wengi na wa aina nyingi, wakaukataa. Wakazi wa mashariki waliogopa kodi juu ya nyumba ambazo tayari zinawaelemea, tena kwa mradi ambao waliona unawatazama wapangaji wa kesho badala ya wenyeji wa leo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini matokeo yake ni kwamba reli ilipopanuliwa hatimaye, ilikwenda kusini, si mashariki.

Independence Avenue inawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Inakatiza eneo la kaskazini-mashariki ambalo kwa vizazi vingi limekuwa mlango wa wahamiaji: Waitaliano zamani, kisha Wavietnam, Wasomali, na katika miaka ya karibuni familia za Kikongo na Kirundi. Wengi wa Wakongo waliopelekwa miji ya Marekani chini ya mpango wa kuwahamishia wakimbizi walipitia kambi za Afrika Mashariki, Nyarugusu ya Kigoma ikiwamo, na watoto wao walizaliwa humo wakizungumza Kiswahili. Katika shule za eneo hilo Kiswahili ni lugha ya nyumbani ya wanafunzi wengi.

Mtu aliyefika Kansas City na mabegi mawili hana gari, hana leseni, na pengine hajawahi kushika usukani. Kwake basi la Independence Avenue ndiyo njia ya kufika kliniki, darasa la Kiingereza na ofisi ya ajira. Kazi inayompokea kwa urahisi, isiyodai Kiingereza kingi, ni ya ghala au kiwanda, na maghala mapya yamejengwa pembeni kabisa, mahali ardhi ni ya bei nafuu na malori yanageuka bila shida. Kubwa miongoni mwa maeneo hayo liko Edgerton, kusini-magharibi, zaidi ya kilomita 50 kutoka mtaa wake, ng'ambo ya mpaka wa majimbo. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo familia mpya hufanya ikipata mshahara ni kununua gari kuukuu, au kuchanga mafuta na mwenzao aliyekwisha kununua. Watu wanne watano katika gari moja alfajiri, kila mtu anatoa chake. Afrika Mashariki haina la kujifunza hapo.

Desemba 2019 baraza la jiji lilipitisha kwa kauli moja azimio la kufuta nauli za mabasi. Nauli ilikuwa dola 1.50. Meya Quinton Lucas aliunga mkono, na mkuu wa shirika la mabasi, KCATA, wakati huo alikuwa Robbie Makinen, mtu aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima na aliyejua kwa mwili wake kutegemea usafiri ni nini. Utekelezaji ulianza Machi 2020, wakati uleule Luxembourg ilipofuta nauli nchi nzima, na wakati uleule ambapo janga la korona liliwafungia watu majumbani. Kansas City ikawa jiji la kwanza kubwa la Marekani kuwa na mabasi ya bure kabisa.

Hesabu yake haikuwa ya kichaa. Nauli ziliingiza dola milioni 8 au 9 kwa mwaka, karibu sehemu ya kumi ya bajeti ya shirika. Kuzikusanya nako kulikuwa na gharama: mashine, kuhesabu sarafu, kulinda fedha, na ugomvi mlangoni kati ya dereva na abiria aliyepungukiwa. Mlango ukiwa wazi kwa wote, basi linaondoka haraka. Mama mwenye watoto watatu hafikirii mara mbili kabla ya kwenda sokoni. Kijana aliyekosa kazi anaweza kwenda kwenye usaili bila kukopa.

Lakini neno bure lisitazamwe juujuu. Mabasi hayo yanaendeshwa hasa na kodi za mauzo za jiji. Moja wapiga kura waliiongezea muda wa miaka 10 Novemba 2023. Kodi ya mauzo hulipwa na kila anayenunua, na maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kununua vitu vya lazima. Mwenye kununua nepi Prospect Avenue, kwenye mitaa ya mashariki, analipia basi, hata kama halikuja.

Na mara nyingi halikuja. Tatizo la mabasi ya Kansas City ni muda wa kusubiri, na kufuta nauli hakukuugusa. Njia kadhaa zina basi kila baada ya nusu saa, nyingine kila baada ya saa nzima. Mtu anayepaswa kubadilisha basi mara moja, akichelewa dakika mbili kwa la kwanza, atakaa kituoni saa moja akisubiri la pili. Januari, barafu ikiwa imeshika barabara na kituo hakina hata paa, saa hiyo ni ndefu. Mwajiri hataki kusikia habari hizo. Abiria wa namna hii angefurahi kulipa dola 1.50 kwa basi linalokuja kila baada ya dakika 10.

Jiji linajua namna ya kufanya hivyo, kwa sababu limeshafanya. Mwaka 2005 KCATA ilianzisha MAX kwenye Main Street, mabasi yenye vituo vichache, vilivyo bora, na safari za mara kwa mara. Mwaka 2011 ikafuata Troost, na Desemba 2019 Prospect Avenue, moyoni mwa mitaa ya mashariki. Mradi wa Prospect uligharimu zaidi ya dola milioni 50 kwa njia ya kilomita 16 hivi. Mabasi hayo hayana barabara yao yenyewe iliyotengwa kama mwendokasi wa Dar. Sehemu kubwa yanapita na magari mengine. Lakini kwa takriban nusu ya fedha za kilomita 3.5 za tramu, yamefika kilomita 16 za mitaa ambako watu wanayahitaji ili kuishi.

Fedha za serikali kuu zilizotolewa wakati wa korona ziliziba pengo kwa muda, kisha zikaisha. Mwaka 2025 jiji na KCATA walivutana juu ya mkataba. Shirika lilionya kwamba bila fedha zaidi litafuta njia na kupunguza wafanyakazi. Jiji likataka kujua kwa nini gharama zinapanda, na suala la kurudisha nauli likawekwa mezani tena. Wapo waliosema nauli ingerudisha nidhamu ndani ya mabasi, na wapo waliosema ingewafukuza walewale ambao huduma iliwekwa kwa ajili yao.

Kiini cha mzozo ni ule mpaka wa majimbo. KCATA iliundwa mwaka 1965 kwa makubaliano ya Missouri na Kansas, na mamlaka yake yanagusa kaunti 7, nne za Missouri na tatu za Kansas. Ilipewa mamlaka, haikupewa kodi. Kila mji katika eneo hilo huamua wenyewe kama utanunua huduma, kiasi gani, na kwa muda gani. Mzigo mkubwa unabebwa na Kansas City ya Missouri. Baadhi ya miji jirani imepunguza huduma au kujitoa kabisa. Hivyo basi linaweza kuendeshwa vizuri hadi mpaka wa mji, likageuza hapo, na abiria akamalizia kwa miguu kando ya barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu. Ghala lililo ng'ambo, linalolalamika kukosa wafanyakazi, liko kwenye mji usiochangia hata senti ya basi la kuwaleta.

Tramu, ambayo ina kodi yake na haimwombi jirani, imesonga mbele. Wakazi wa ukanda wa Main Street walikubali wilaya mpya mwaka 2017. Serikali kuu ikatoa dola milioni 174 katika mradi wa takriban dola milioni 350. Ujenzi ukaanza 2022, na Oktoba 2025 reli ikafika kwenye Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City, ikipita kando ya Plaza ileile ambayo Nichols aliijenga kwa wenye magari. Njia yote sasa ina zaidi ya kilomita 9, na inafaa kuitwa usafiri. Mwanafunzi anaweza kupanga chumba katikati ya jiji akasoma kusini bila gari, mhudumu wa hoteli anafika kazini kwa wakati, na basi la mtaa wa pembeni lina reli ya kuunganisha nayo.

Kodi za nyumba kando ya Main Street zinawatia hofu wapangaji wa zamani. Chama cha wapangaji, KC Tenants, kilichoanzishwa mwaka 2019, kimekuwa na sauti kubwa katika baraza la jiji, na Novemba 2022 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 50 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Ukizisambaza fedha hizo katika jiji zima, hazifiki mbali.

Kuna pia Kombe la Dunia la mwaka 2026, ambalo Kansas City, mji mmojawapo kati ya 16, imepangiwa mechi 6. Uwanja wa mechi hizo, Arrowhead, uko mashariki ya jiji, pembezoni mwa barabara kuu mbili, umezungukwa na bahari ya maegesho, na tramu haifiki. Mpango wa kuwafikisha mashabiki ni mabasi ya kukodi, mamia yake. Kwa mwezi mmoja, basi ndilo litakalolisitiri jiji mbele ya dunia.

Kupeleka reli chuo kikuu ulikuwa uamuzi mzuri. Kufuta nauli nako kuliwasaidia watu ambao dola 3 za kwenda na kurudi zilikuwa chakula. Lakini ukipima kwa anayesimama kituoni saa kumi na moja alfajiri, Kansas City imeshughulikia bei ya basi na urembo wa reli kabla ya kushughulikia idadi ya mabasi. Kabla halijaongeza mita nyingine ya reli, jiji linapaswa kuweka basi la kila dakika 10 kwenye Independence Avenue, mchana na usiku, na kuzibana kaunti jirani zilipie mabasi yanayokwenda kwenye maghala yao.